Vileja vimeisha, pesa haionekani: kutafuta kosa la bei kwenye meza ya tamasha

Duka likikosea bei Jumatatu, Jumanne linarekebisha. Anayeoka nyumbani na kupeleka vitu vyake tamashani hana nafasi hiyo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ukipita Julai, unasubiri Julai nyingine. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na ambalo kwa miaka mingi limejaza Ngome Kongwe ya mjini Zanzibar kila Februari, ni siku chache tu na watu wametawanyika. Meza ikikunjwa na hesabu ikiwa mbovu, hasara unarudi nayo nyumbani pamoja na sinia.

Mwongozo huu unaanzia kwenye lile unaloliona mezani, halafu unarudi nyuma kutafuta namba iliyokosewa. Nasisitiza namba, kwa sababu wengi wakiona mambo hayaendi hukimbilia kupandisha au kushusha bei papo hapo, na mara nyingi bei si yenye kosa. Kosa limekaa kwenye mizani, kwenye kifuko, au kwenye saa za kazi ambazo hazikuandikwa popote.

Nitatumia vileja, vitafunio vidogo vya unga wa mchele na samli, kama mfano, kwa kuwa ndivyo vinavyookwa sana Unguja na vinakaa siku kadhaa bila kuharibika. Bei za vitu nilizoweka ni za kufanyia hesabu tu. Chukua daftari, zifute, uweke za dukani kwako.

Umeuza vyote, lakini hela haitoshi kununulia samli tena

Dalili hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana meza tupu inakupa furaha na unaondoka bila kushtuka. Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: umehesabu vilivyoingia kwenye bakuli, ukasahau gharama nyingine.

Tuandike mkupuo mmoja wa vileja, yaani donge moja linalokandwa na kuokwa kwa pamoja. Unga wa mchele kilo moja, 3,500. Samli nusu kilo, 8,000. Sukari nusu kilo, 1,600. Mayai manne, 1,600. Hiliki, marashi ya mawaridi na vidogo vidogo vingine, 1,300. Jumla 16,000. Donge hilo, ukikata vileja vya gramu 27, linatoa 80. Gawa: shilingi 200 kwa kileja.

Hapo ndipo wengi wanapoweka kalamu chini. Mtu anasema, kileja kimenigharimu 200, nitauza 300, napata mia. Anauza vyote 80, anashika 24,000, anaona ana faida ya 8,000. Sasa tuendelee pale alipoachia.

Gesi. Mtungi wa kilo 6 ukiununua 24,000 na ukakuokea mikupuo 16, kila mkupuo umekula 1,500. Kama hujui mtungi wako unaoka mikupuo mingapi, andika tarehe siku unapouunganisha na jiko, na kila ukioka chora mstari mmoja. Mtungi ukiisha, hesabu mistari. Anayepalia mkaa juu na chini afanye hivyo hivyo kwa gunia lake. Ila asidanganyike kwamba mkaa ni rahisi kwa kuwa ananunua kwa kopo. Akijumlisha makopo ya mwezi mzima, huenda akashangaa.

Kazi yako. Kuchekecha unga, kukanda, kukata, kuoka trei baada ya trei, kupoza, kufunga: tuseme saa tatu kwa mkupuo. Ukijilipa 2,000 kwa saa, ni 6,000. Kuna wanaosema kazi ya nyumbani haina bei kwa sababu wangekuwa nyumbani vyovyote vile. Sikubaliani nao kabisa. Siku ukiumwa na ukamwita mtu akuokee, utamlipa. Kama bei yako haiwezi kumlipa mtu huyo, basi ni wewe unayewalipia wateja ili wale vileja vyako.

Siku yenyewe. Ada ya meza 20,000, gari la kupeleka mizigo 8,000, ujira wa anayekaa mezani 12,000. Hiyo ni 40,000, na unaigawa kwa mikupuo utakayopeleka. Ukipeleka minne, kila mkupuo unabeba 10,000.

Vilivyopotea. Katika 80, viwili vitavunjika au kuungua, na sita utavikatakata wateja waonje. Vya kuuza ni 72. Ukifunga vinne vinne unapata vifuko 18. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku, Visiwani na Bara, kwa hiyo unatumia karatasi, na karatasi nzuri isiyopitisha samli haipatikani bure. Kifuko 100 na lebo 50, mara 18, ni 2,700.

Jumlisha upya: 16,000 na 1,500 na 6,000 na 10,000 na 2,700. Inakuja 36,200. Kila kifuko cha vinne kimekugharimu takriban 2,011. Yule wa 300 kwa kileja anakiuza 1,200, yaani kila mteja anayeondoka na kifuko anaondoka pia na shilingi 800 za muuzaji.

Dawa inajulikana, lakini angalia namna mbili za kuinywa. Ukiuza kifuko cha vinne kwa 2,500, mkupuo unaleta 45,000 na faida ni 8,800. Ukifunga vitatu vitatu, vifuko vinakuwa 24, gharama ya karatasi na lebo inapanda hadi 3,600, na jumla inakuwa 37,100. Uza kifuko 2,000: unapata 48,000, faida 10,900. Umepata zaidi, na mteja ametoa noti moja bila kudai chenji. Mimi ningechagua vitatu.

Hesabu iko sawa kwenye daftari, lakini mwisho wa siku pesa inapungua

Umefanya yote ya hapo juu. Bei ni 2,000 na vifuko vinaondoka. Bado hela haifiki ulipotegemea.

Kwanza hesabu vileja, si hela. Mkupuo wa jana ulitoa vingapi hasa? Kama jibu ni 65 na si 80, umeshampata mwizi, na ni mkono wako. Kileja cha gramu 27 na cha gramu 33 ukiviweka kwenye trei, macho hayaoni tofauti. Lakini donge la gramu 2,160 linatoa 80 vya kwanza na 65 tu vya pili. Vileja 15 vilivyopotea ni vifuko vitano, shilingi 10,000. Faida yote ya mkupuo ilikuwa 10,900.

Mizani ndogo ya jikoni inamaliza tatizo hili. Huna haja ya kupima kila kimoja. Pima cha kwanza, cha kumi, cha ishirini, mkono utajirudi wenyewe. Wakati wa uchovu, usiku, mkono huwa unaongeza. Hapo pima mara nyingi zaidi. Kwa keki kosa ni lile lile, ila linafanywa na kisu: kipande cha mwanzo kinakatwa kwa adabu, cha mwisho kinakatwa kwa huruma. Weka alama kwenye sinia kabla hujaanza kukata.

Mizani ikisema huna kosa, tazama simu. Malipo ya Lipa Namba na ya kutumiana kwa simu yana makato, na ukitoa kwa wakala unakatwa. Kwenye kifuko kimoja ni kidogo. Kwenye mauzo ya siku nzima ni kiasi cha kuandikwa kwenye daftari pamoja na gesi. Usimtoze mteja juu ya bei iliyoandikwa kwa sababu amelipa kwa simu. Ingiza makato ndani ya bei tangu nyumbani.

Kisha tazama sahani ya kuonja. Nilihesabu vileja sita kwa mkupuo, na kila kimoja kinakatwa vipande vinne, yaani watu 24 wanaonja. Sahani ikiachwa wazi na watoto wakaigundua, sita vinakuwa kumi na sita. Kaa nayo wewe, mpe mtu mkononi.

Watu wanasimama, wanaonja, wanauliza "kiasi gani?", wanaondoka

Usishushe bei bado. Angalia kwanza wanaondoka wakati gani.

Wakiondoka kabla ya kuuliza, bei yako haionekani. Kwenye tamasha mtu hataki kuuliza halafu aone haya kukataa mbele ya wenzake, hivyo anapita. Andika bei kwa herufi za kusomeka hatua tano, juu ya kila kitu, si karatasi moja iliyolazwa mezani.

Wakiondoka baada ya kusikia bei, tazama mfuko wao kabla ya kulaumu bei. Tamasha moja si sawa na jingine. Kwenye viwanja vya sikukuu, Idd inapofika na watoto wamevaa nguo mpya, mnunuzi wako ana miaka tisa na ameshika mia tano aliyopewa na mjomba. Kifuko cha 2,000 hakimhusu. Huyu anahitaji kitu cha 500, na vileja vya gramu 27 ukivitoa kimoja kimoja kwa 500, hata bila kifuko, vimekugharimu 465. Unabakiwa na shilingi 35, haiwezekani. Kata vya gramu 20. Donge lile lile linatoa 108, toa vinane vya kuonja na kuvunjika, vinabaki 100. Ongeza 2,000 ya kazi kwa kuwa ni vingi vya kukata, gharama ya kimoja inakuwa 355. Uza 500. Mtoto amefurahi, na wewe hukumpunja: kwa gramu, bei yake ni karibu sawa kabisa na ya yule aliyenunua kifuko cha vitatu.

Mgeni wa Februari ana swali jingine. Hajui kileja ni nini. Hajui kina nini ndani, na wengine wana miili isiyopatana na mayai, karanga au maziwa. Lebo fupi inayotaja unga wa mchele, samli, sukari, mayai na hiliki inamwondolea hofu, na inakuuzia kuliko punguzo lolote. Ila nisikilize hapa: usiweke bei mbili, moja ya wenyeji na moja ya wageni. Najua wapo wanaofanya. Mtu akisikia aliyetangulia amelipa 2,000 na yeye anaambiwa 5,000, hatanunua, na mwenyeji aliyekuwa nyuma yake naye anaanza kujiuliza kama aliwahi kuzidishiwa. Ukitaka kumuuzia mgeni kwa 10,000, tengeneza kitu cha 10,000: kisanduku kizuri cha vileja 12, kimefungwa kama zawadi ya kupeleka nyumbani, bei imeandikwa, na yeyote anaruhusiwa kukinunua.

Jirani wa meza anauza kwa bei ya chini

Nenda kanunue chake kimoja. Kipime, kionje. Kama amepika kwa majarini badala ya samli, hiyo si bidhaa yako, na yeye hajakosea, ameamua hivyo. Andika "samli" kwa herufi kubwa kwenye lebo yako ubaki na bei yako. Kama ni sawa kabisa na chako na anauza nusu bei, kuna uwezekano mkubwa anafanya lile kosa la kwanza. Kumfuata ni kukubali hasara yake iwe yako pia. Unaweza kuongea naye. Wanawake wengi wanaooka mtaa mmoja wanajuana, na kumwonyesha mwenzako daftari ni msaada kwenu nyote.

Usiombe tu kwamba mpatane bei ya juu. Mwonyeshe gharama zako, naye apange bei yake: hiyo ndiyo lugha.

Vimeisha saa nne asubuhi

Wengi huhitimisha kwamba bei ilikuwa ndogo. Huenda. Lakini huenda pia ulipeleka vichache, na haya mawili yana dawa tofauti. Jiulize wangapi walinunua bila kusita, bila hata kuangalia noti. Kama ni karibu wote, na wengine walichukua vifuko vitatu vitatu, bei ina nafasi ya kupanda mwakani. Kama walipatana, wakarudi nyuma, wakashauriana, kisha wakanunua, bei imefika kikomo. Kilichokosekana ni mikupuo.

Kwa tamasha la siku kadhaa, usipandishe siku ya pili. Aliyenunua jana atarudi na ndugu zake, amewaambia bei. Ongeza mikupuo, au ongeza kitu cha pili.

Jioni imefika na meza imejaa

Hapa namba ya kujua ni moja, na unatakiwa uwe nayo kichwani kabla hujatoka nyumbani: kifuko cha ngapi kinarudisha gharama? Kwa mfano wetu wa mikupuo minne iliyofungwa vitatu vitatu, gharama yote ni 148,400. Kwa kifuko cha 2,000, kifuko cha 75 kinarudisha kila kitu pamoja na jasho lako. Ukitoa ujira wako wa jikoni, 24,000, basi hela iliyotoka mfukoni inarudi kwenye kifuko cha 63. Umepeleka vifuko 96.

Sasa jioni unajua unasimama wapi. Umeuza 80 na vimebaki 16? Tulia, usikate bei. Vileja vikikaa kwenye kopo lisiloingiza hewa vinafika wiki ijayo salama, na dukani mtaani vitaenda. Umeuza 50? Kuna tatizo, lakini si la kutatuliwa saa kumi na mbili jioni kwa kutangaza nusu bei. Kwenye tamasha la siku nne watu wanajifunza haraka sana: walioona umeshusha bei leo jioni, kesho watazunguka hadi jioni.

Mkate wa kumimina ni habari nyingine. Una tui na hamira, na joto la kaskazi haulisubiri, kesho umechacha. Vitu vya namna hii vipangie bei ya jioni tangu nyumbani, si kwa kubahatisha. Mathalani sinia moja lina vipande vinane, gharama yote 5,600, yaani 700 kwa kipande. Uza 1,000 mchana. Vipande sita vikishauzwa, 6,000 imeingia, gharama imerudi. Viwili vya mwisho hata ukiviuza 500 hujapoteza kitu. Lakini kama umeuza vitatu tu na jioni imefika, kosa ni idadi ya masinia. Kesho peleka nusu.

Kwa sababu hiyo, nikipanga meza ya siku moja, ningejaza vya kukaa kwanza, vileja, nankhatai na biskuti, halafu vya kuharibika kidogo kwa ajili ya harufu na kuvuta watu. Mkate wa mayai uliotoka motoni asubuhi unasimamisha mtu. Anachobeba kupeleka nyumbani ni kopo la vileja.

"Mwanangu, na mimi bei ya watu?"

Shangazi amefika. Nyuma yake jirani, kisha aliyekusomesha chuoni. Huwezi kuwatoza kama wapita njia, wala huwezi kumpa kila mmoja nusu bei halafu ushangae.

Kosa hapa ni kuamua mezani, ukiwa umetazamwa usoni. Amua nyumbani. Tenga vifuko vitano, viite vya heshima, vitoe kwenye vya kuuza kama ulivyotoa vya kuonja. Kwa mfano wetu, vifuko vitano ni kama 7,700 ya gharama. Igawe ile 148,400 kwa vifuko 91 vilivyobaki uone bei bado inabeba. Akija shangazi, mpe kifuko, usichukue hela. Zawadi kamili ina heshima kuliko punguzo la manung'uniko, na bei iliyoandikwa inabaki ilivyo kwa wengine wote. Vitano vikiisha, vimeisha. Anayefuata atauziwa kwa bei ya mezani na kuongezewa kileja kimoja juu.

Kukopesha kwenye tamasha usikubali hata kwa mtu unayempenda. Siku hiyo huna daftari la madeni wala nafasi ya kukumbuka.

Mtu anataka vileja 300 vya harusi, anadai bei ya jumla

Huyu ndiye mteja bora utakayempata siku nzima, na ndiye anayeharibiwa bei mara nyingi. Muuzaji anaogopa kumpoteza, anataja tu namba ndogo inayomjia kinywani.

Angalia gharama zipi hazimhusu. Hana meza ya kulipia, hana gari, hana wa kukaa, haonji, hataki vifuko vidogo. Kwenye mkupuo kunabaki 16,000 ya vitu, 1,500 ya gesi na 6,000 ya kazi: 23,500. Vinavyovunjika ni viwili, kwa hiyo vizima ni 78, na kimoja kinagharimu takriban 301. Mezani anakilipa 667. Mwambie 500. Atajiona amepunguziwa sana, na ni kweli amepunguziwa, na wewe faida yako kwa kileja imepita ile ya mezani: pale ilikuwa kama 151, hapa ni 199.

Ukipeleka mwenyewe hadi mlangoni, nauli iwe juu yake na itajwe mbali na bei ya vileja. Chukua nusu ya hela siku mnayokubaliana, yaani 75,000. Mikupuo minne inatosha agizo hilo, na vitu vyake ni 64,000. Samli ya watu inanunuliwa kwa hela ya watu. Nusu ya pili ipokee siku ya kukabidhi, kabla sinia halijaingia ukumbini.